Bangili Sita za Kuruthumu

"Toa kidole chako kwenye mizani, mzee."

Muuza dhahabu akainua uso. Mkono mmoja ulikuwa umeinua mizani, na kidole kidogo cha mkono wa pili kilikuwa kimelala ukingoni mwa kisahani cha mawe, kama vile kimechoka.

"Kidole kipi, binti?"

"Hicho unachokiondoa sasa hivi."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri zamu wakaangua kicheko. Mzee akakohoa, akaiweka mizani chini, akavisogeza vitu vya Kuruthumu vyote mahali pamoja: mkufu, herini zilizokatika, pete tatu.

"Tusisumbuane. Vyote kwa pamoja nakupa mia nane. Leo tu. Kesho bei inashuka."

"Uzito wa tola moja unanunua shilingi ngapi?"

"Tola ya nini? Mimi nanunua kwa fungu."

"Fungu ni la nyanya, mzee wangu, na nyanya ziko pale sokoni. Naomba vitu vyangu."

Akavifunga kwenye leso, akaitia kifuani, akatoka. Ilikuwa mwaka 1976. Soko jipya la Kariakoo lilikuwa halijamaliza hata mwaka, na watu walikuwa bado wanapanda ngazi zake kwenda kushangaa tu bila kununua kitu. Kuruthumu hakuwa na muda wa kushangaa. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, fundi cherehani, anaishi Ilala kwa shangazi yake, Bi Sophia, na anashona kwa mashine ya kukodi. Jirani yao Benedikta alikuwa na cherehani mbili nzuri. Mumewe, Vitalis, alikuwa amehamishiwa kikazi Songea, na mashine zile zilikuwa zinauzwa elfu mbili na mia nne zote mbili.

"Jumapili tunapanda basi," Benedikta alikuwa amemwambia. "Ukizikosa wewe, kuna mtu mwingine anazitaka."

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu.

Kuruthumu akavuka mitaa mitatu mpaka kwenye duka dogo la sonara mmoja Mtaa wa Mkunguni. Aliyekuwa ndani alikuwa kijana wa miaka thelathini na moja, Zahoro, aliyerithi kazi kwa marehemu baba yake, Mzee Abdulla, mtu wa asili ya Kiarabu aliyezaliwa na kuzikwa hapahapa Dar. Zahoro alikuwa hajaoa, jambo lililomnyima mama yake usingizi. Vidole vyake vilikuwa na makovu madogo ya moto.

"Karibu, dada. Unanunua au unauza?"

"Inategemea bei ya tola leo."

Zahoro akaacha alichokuwa anakifanya.

"Chakavu cha karati ishirini na mbili, mia tatu na thelathini. Cha karati kumi na nne, mia mbili."

"Na ukipima, mikono yako inakaa wapi?"

"Wewe unataka ikae wapi?"

"Mezani. Yote miwili."

Zahoro akaining'iniza mizani kwenye ndoano, akaweka mikono yake mezani, viganja vimefunguka. Kisha akamgeuzia mizani ili mshale wake auone yeye mwenyewe.

"Umeridhika?"

"Bado. Endelea."

Akavitenga vitu vyake kimoja kimoja. Kila kimoja alikisugua kwenye jiwe jeusi, akadondoshea tone la tindikali kwenye mstari uliobaki, akamwonyesha.

"Unaona? Huu wa mkufu umebaki vilevile. Ni ishirini na mbili. Huu wa herini umefifia. Ni kumi na nne. Kosa la kwanza la wauzaji ni kuvipima pamoja. Ukichanganya, mnunuzi anakulipa vyote kwa bei ya kile kibovu."

"Na hii pete?"

Akachukua kibanio, akakichomoa kijiwe chekundu, akakiweka pembeni.

"Hiki ni kioo. Mtu akikupimia na kioo chake anakufurahisha kwa uzito, halafu anakuchoma kwenye bei. Herini na pete nitazinunua. Ila mkufu huu usiniuzie."

"Kwa nini? Hauna thamani?"

"Una thamani kuliko bei yangu. Mimi nikiununua nauyeyusha, kwa hiyo nitakulipa bei ya chakavu. Lakini ni mzima, na kazi ya mkono kama hii siku hizi haipatikani. Mtu anayeoza binti yake atakulipa zaidi."

Kuruthumu akamtazama vizuri.

"Wewe ni mfanyabiashara wa namna gani? Unajifukuzia faida?"

"Nataka urudi," Zahoro akasema. Halafu masikio yakamwiva mekundu, akajifanya anafuta mizani.

Kuruthumu akazoa vitu vyake vyote, hata zile herini.

"Kwanza napita maduka mengine mawili."

"Pita. Ukirudi niambie wamekupa ngapi."

"Na nikikudanganya?"

"Nitajua."

"Utajuaje?"

"Tangu umeingia unaniangalia machoni. Mtu wa hivyo hajui kudanganya."

Kesho yake, saa nne asubuhi, alirudi.

"Wamenipa mia tatu na sitini kwa tola," Kuruthumu akasema. Akatazama dari.

Zahoro akacheka mpaka akashika meza. "Wamekupa ngapi?"

"Mia tatu na ishirini na tano. Lakini mimi nataka mia tatu na hamsini."

"Hiyo ni ya ishirini na mbili. Herini zako ni kumi na nne."

"Basi mia mbili na ishirini."

"Mia mbili na kumi."

"Na kumi na tano, na unaninunulia kahawa."

Zahoro akamwita muuza kahawa aliyekuwa anapita akigonganisha vikombe. Wakanywa wamesimama, meza katikati yao. Alipohesabiwa pesa zake, Kuruthumu akazihesabu tena mwenyewe, kisha akasema, "Nina kitu kikubwa zaidi nyumbani. Bangili sita, karati ishirini na mbili, tola moja kila moja. Nimetanguliza vidogo kwanza ili nijue bei na nijue mtu."

"Umemjua mtu?"

"Ninaendelea kumjua. Ni mahari yangu."

Zahoro akakizungusha kikombe. "Kumbe umeolewa."

"Niliolewa."

"Na sasa?"

"Sasa nashona," akajibu, akaondoka. Zahoro akabaki anautazama mlango mpaka kahawa ikapoa.

Jioni ile Kuruthumu alikuwa barazani anapindia sare za shule, mguu kwenye pedeli, aliposikia harufu ya marashi anayoyajua. Akainua macho. Kitwana.

Kitwana alikuwa karani katika ofisi moja kule Posta. Alivaa kaunda suti ya rangi ya maziwa, na pikipiki yake aliiegesha mahali ambapo mtaa mzima ungeiona. Walikuwa wameishi miaka minne. Miezi minane iliyopita alimwacha, naye hakuja kumwambia. Alimtumia barua ya mistari mitatu, ambayo Kuruthumu aliijua kwa moyo:

"Kuruthumu, salamu. Nimekuacha kwa talaka moja kuanzia leo. Vitu vyako vyote chukua, sitaki ugomvi."

"Habari za kushinda, mama?" Kitwana akasema.

"Mama yako yuko Temeke. Hapa ni kwa Bi Sophia."

"Nina haki ya kutukanwa. Tukana tu." Akapiga magoti ukingoni mwa mkeka bila kukaribishwa, magoti ya suti yake nyeupe yakagusa vumbi. "Vitalis kaniambia ofisini kwamba unauza dhahabu ununue mashine za mkewe."

"Nauza mali yangu."

"Uza. Uza vyote. Ila zile bangili sita, Kuru, nakuomba usiuze."

Mguu wa Kuruthumu ukasimama kwenye pedeli. Kuru. Hakuna mtu mwingine aliyemwita hivyo.

"Kwa nini?"

"Nilikuvalisha mimi, kwa mkono wangu. Ukiziuza zile, umeniuza mimi. Nilikosea. Miezi minane silali vizuri, sili nikashiba. Nataka turudiane. Ijumaa baada ya alasiri nitakuja na mjomba wangu, tukae mbele ya balozi wa mtaa, nikuoe upya kwa heshima."

"Ulinitupa kwa karatasi, Kitwana."

"Na leo nimekuja mimi mwenyewe."

Sauti yake ilikuwa na mtetemo ambao Kuruthumu hakuwahi kuusikia kwenye ndoa yao yote. Alipoondoka, alikuwa hajaambiwa ndiyo wala hapana, na sare moja ilikuwa imeshonwa mkono wa kulia upande wa kushoto.

"Shangazi, unaonaje?"

Bi Sophia alikuwa anachambua mchele mlangoni. Alikuwa amesikia kila neno.

"Naona mwanamume aliyepiga magoti kwenye vumbi na suti nyeupe. Ni jambo la kulisikiliza. Lakini mbona maneno mengi yalikuwa ya bangili, na ya wewe machache?"

Kuruthumu akaanza kuifumua ile sare. Usiku akazitoa bangili, akazivaa tatu huku, tatu huku. Moyo wake ulikuwa laini, na ulaini huo ulimuudhi.

Alhamisi asubuhi alikwenda Mtaa wa Mkunguni. Zahoro akasimama alipomwona.

"Sijaja kuuza," Kuruthumu akawahi. "Nataka tu kujua zina thamani gani. Aliyekuwa mume wangu anataka nirudi, na ameniomba nisiziuze."

"Na wewe unataka kurudi?"

"Nimekuja kupima bangili, kaka Zahoro. Hayo mengine hayapimwi hapa."

Akaifungua leso mezani.

Zahoro hakugusa jiwe wala mizani. Alichukua bangili moja, akaigeuza upande wa ndani, akapitisha ukucha kwenye nakshi. Uso wake ukabadilika kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

"Nini?"

"Kaa, dada Kuruthumu."

"Niambie nimesimama."

Akaisugua bangili kwenye jiwe, kwa nguvu, mara ya kwanza na ya pili palepale. Akadondosha tindikali. Mstari ukachemka, ukageuka kijani, ukatoweka.

"Ni shaba. Imechovywa dhahabu juu."

"Pima nyingine."

Akapima ya pili. Akapima ya tatu. Zote sita zilichemka kijani.

"Haiwezekani. Siku ya ndoa zilipimwa mbele ya wazee. Mjomba wake mwenyewe alizipima." Kitu kikamjia. "Mwaka jana alizichukua kwenda kuzing'arisha. Ziliporudi nikamwambia mbona nyepesi. Akaniambia sonara ametoa uchafu."

"Uchafu hauwezi kuwa nusu ya bangili."

"Kwa hiyo alizibadilisha. Nani alimtengenezea hizi? Nani mwenye roho ya namna hiyo mjini hapa?"

Zahoro angeweza kusema sijui. Kariakoo ilikuwa na masonara wengi, na shaba haina jina la mtu. Angeweza kumwonea huruma, kumnunulia kahawa, na kumwoa baada ya mwaka bila yeye kujua maisha yake yote. Alisimama pale mikono imelala mezani, kama siku ile ya kwanza.

"Mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye nilizitengeneza. Naijua kazi yangu. Miezi kumi na minne iliyopita alikuja bwana mmoja na bangili sita za kweli. Alikuwa na pikipiki, amevaa kaunda suti. Akasema mke wake anaogopa wezi, kwa hiyo anataka za bandia za kuvaa harusini, za kweli zikae kabatini. Watu wengi hufanya hivyo. Nikazinakili. Akanilipa mia na ishirini, akachukua za kweli na za bandia zote."

Kuruthumu akakaa.

"Ulimuuliza mkewe?"

"Hapana."

"Ulimwambia aje naye?"

"Hapana."

"Bangili ni za mwanamke. Zinavaliwa na mwanamke. Akaja mwanamume peke yake, akasema mke wangu anataka hivi, wewe ukaona inatosha?"

"Niliona inatosha."

"Mimi nikija na kitu changu mwenyewe nawekewa kidole kwenye mizani. Yeye anakuja na kitu changu, anapewa kazi na stakabadhi!"

"Una haki."

"Usiniambie nina haki! Kitwana naye kasema hivyohivyo." Akazikusanya bangili, zikagongana kwa sauti ya sufuria. Sasa aliisikia. Mlangoni akageuka, macho yana maji lakini sauti imenyooka. "Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

"Kwa nini hukunyamaza?"

"Kila ukija hapa ningekuwa najua, na wewe hujui."

Akaondoka bila kuaga.

Ijumaa asubuhi, mtu wa mkokoteni alimletea Zahoro kijibarua kilichokunjwa mara nne:

"Kaka Zahoro. Leo alasiri, Ilala, nyumba ya Bi Sophia, nyuma ya kinu cha kusaga. Uje mapema, upitie mlango wa uani, ukae chumba cha nyuma mpaka nikuite. Uje na jiwe na tindikali. Usije na maneno ya kunibembeleza. Kuruthumu."

Zahoro akafunga duka.

Baada ya swala ya alasiri walikaa sebuleni: Mzee Bakili, balozi wa nyumba kumi; mjomba wake Kitwana, mtu mzima mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono; Bi Sophia; na Kitwana, safari hii amevaa kanzu.

"Shikamooni," Kuruthumu akaingia na chai.

"Marahaba, mwanangu. Kaa," Mzee Bakili akasema. "Bwana Kitwana, sema kilichokuleta."

Kitwana alikuwa msemaji mzuri. Alisema juu ya ujana, juu ya shetani, juu ya nyumba iliyopoa tangu mke aondoke. Bi Sophia akajikuta anatikisa kichwa.

"Kwa hiyo namwomba mke wangu kwa ndoa mpya. Na zile bangili zibaki mikononi mwake, ziwe kumbukumbu ya mwanzo wetu."

"Kuruthumu, umesikia. Una jibu?"

"Ninalo, balozi. Ila kabla ya jibu niseme ukweli mmoja nisije nikaonekana mwongo. Bangili nimeziuza jana."

Kitwana akashtuka kama aliyemwagiwa chai. "Umeziuza?"

"Nilikuwa na shida ya mashine. Nisamehe. Nimepata elfu mbili na mia moja."

"Elfu mbili?" Kitwana akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Acha utani, Kuru."

"Taslimu mkononi."

"Haiwezekani."

"Kwa nini isiwezekane? Tola sita, karati ishirini na mbili."

"Nakwambia haiwezekani! Hakuna sonara mjini hapa wa kutoa elfu mbili kwa sha..."

Akajiuma ulimi. Nje, redio ya jirani ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

"Kwa sha nini, bwana?" Mzee Bakili akauliza taratibu.

"Nilitaka kusema, kwa... kwa shida hizi za sasa."

"Kwa shaba," Kuruthumu akasema. "Malizia neno lako. Sijaziuza. Hizi hapa." Akazimwaga kwenye sinia. "Kaka Zahoro, toka!"

Zahoro akatoka chumba cha nyuma, kimkoba chake mkononi. Kitwana alipomwona, rangi ya uso ikamtoka.

"Shikamooni wazee. Mimi ni sonara. Jina langu Zahoro Abdulla, duka langu liko Mkunguni."

Mbele yao akasugua, akadondosha, wakaona kijani. Kisha akasimulia yote, na hakujiruka. Alisema alilipwa kiasi gani na kwamba hakumuuliza mwenye mali. Akaweka mia na ishirini juu ya sinia.

"Fedha hii niliipata kwa kazi ambayo nisingeifanya kama ningeuliza swali moja. Si yangu."

"Mwongo huyo!" Kitwana akasimama. "Yeye ndiye mwizi! Nilimpa dhahabu ang'arishe, akazibadilisha yeye!"

"Basi tuambie," Kuruthumu akasema, hakunyanyua sauti, "kabla huyu hajatoka chumbani, wewe ulijuaje kwamba ni shaba?"

Kitwana akaketi tena taratibu.

Mjomba wake akaivua kofia, akaishika magotini. "Kitwana. Zile bangili nilizipima mimi kwa mkono wangu. Umezipeleka wapi?"

"Mjomba..."

"Nimekuuliza."

"Niliziuza. Kulikuwa na mtu Magomeni, nikamnunulia vyombo vya nyumba, kitanda, kabati... Nilidhani Kuru akirudi hataziuza tena. Ningezirudisha taratibu, Wallahi!"

"Huyo mtu wa Magomeni bado mko pamoja?"

Kitwana akainamisha kichwa. "Kaolewa na mwingine. Na kabati kaondoka nalo."

Bi Sophia akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la kanga, na hata balozi ikabidi ageuke aangalie dirishani.

Kuruthumu hakucheka. "Jibu langu ni hili, balozi. Ndoa sitaki. Nataka bangili zangu au thamani yake, kwa bei ya leo ya tola, si ya mwaka jana."

"Bei ya leo ni ngapi?"

"Mia tatu na hamsini," Zahoro akasema. "Dada mwenyewe ndiye aliyeipandisha."

Mjomba mtu alikuwa mtu wa haya. Alinyoosha mkono kwa Kitwana. "Funguo za pikipiki."

Kabla ya magharibi alikuwa amemkabidhi balozi elfu moja kutoka mfukoni mwake, akaichukua pikipiki yeye, na Kitwana akaandikiwa kulipa iliyobaki kila mwezi kwa mkono wa balozi. Alitoka Ilala kwa miguu, amenyanyua pindo la kanzu.

Jumamosi kulibaki mkufu. Zahoro alimtumia ujumbe kwamba kuna mama wa Mtaa wa Pemba, Bi Thuraya, anayemwoza binti yake. Kuruthumu akaenda mwenyewe. Bi Thuraya akataka kuulipa kama chakavu.

"Ukiuyeyusha, hiyo ni bei yake," Kuruthumu akamwambia. "Lakini hutauyeyusha, Bi Thuraya. Utamvalisha mwanao, na harusi nzima itauliza umetoka wapi. Elfu moja na mia sita."

"Elfu moja na mia mbili."

"Mvalishe shingoni kwanza, halafu tuongee."

Binti akavaa, akajitazama kwenye kioo, na hakutaka kuuvua. Mkufu ukaenda kwa elfu moja, mia nne na hamsini. Jumapili asubuhi, wakati Vitalis anafunga mizigo, Kuruthumu alimhesabia Benedikta pesa zote, na cherehani mbili zikabebwa na kuvuka njia.

Zahoro hakumtafuta. Hakuandika barua wala hakupita Ilala kwa kisingizio. Kuruthumu alisikia habari zake kwa wateja: kwamba sonara wa Mkunguni siku hizi hanakili kitu cha mwanamke mpaka mwenyewe afike, na wanaume kadhaa wamemgombeza na kuondoka. Mara ya kwanza aliposikia, aliendelea kushona. Mara ya tatu alimwambia shangazi yake, "Nimemkasirikia, lakini hasira yenyewe imeanza kunichosha."

"Mimi nilijua," Bi Sophia akasema. "Tangu lini mtu ukamkasirikia unauliza habari zake kila Jumatano?"

Baada ya miezi mitatu, Zahoro akaja barazani, kitambaa cheupe kwapani.

"Nataka kushona kanzu."

"Mafundi wa kanzu wako Kariakoo, mlangoni kwako."

"Nimepita maduka mawili kwanza."

Kuruthumu akashindwa kuzuia tabasamu. Akachukua utepe, akampima mabega, akampima mkono. Zahoro alisimama kama mwanafunzi.

"Dada Kuruthumu, mimi sina mdomo wa Kitwana."

"Nimeona. Nyoosha shingo."

"Nilikukosea kabla sijakujua. Nikakujua, nikaona afadhali nikukose kuliko nikupate kwa kukuficha. Nimekukosa miezi mitatu. Sijazoea."

Utepe ukasimama mabegani.

"Kanzu ni ya nini?" Kuruthumu akauliza polepole.

"Ya kuposea. Mama yangu yuko tayari, anasubiri niseme ni nyumba gani."

"Na ukikataliwa?"

"Nitaivaa Ijumaa kwenda msikitini. Ni kitambaa kizuri."

Kuruthumu akaandika vipimo kwenye daftari lake, akakata uzi kwa meno.

"Njoo uichukue Jumatano. Na mwambie mama yako Jumapili Bi Sophia yuko nyumbani."

Harusi ilikuwa mwezi wa kwanza, mwaka 1977. Mahari alitaja bi harusi mwenyewe, shilingi mia tano, na hakutaka dhahabu. Alisema atajinunulia kwa pesa ya mashine zake, na aliyempimia bangili ndiye atakayempunguzia bei. Wanaume walijaa kwenye mikeka nje, wanawake walijaa ndani. Sheikh alisimama mlangoni mwa chumba akauliza kwa desturi kama Kuruthumu ameridhia kuolewa na Zahoro bin Abdulla.

Kwa kawaida hapo bi harusi huinama, akajibu kwa sauti ya kunong'ona, na shangazi akamsemea. Bi Sophia alikuwa tayari amevuta pumzi ya kumsemea.

"Nimeridhia!" Kuruthumu akasema.

Ilisikika mpaka nje. Kicheko cha wanaume kikapita mkeka hadi mkeka. Bi Sophia akamfinya paja chini ya kanga.

"Taratibu, mtoto wa kike! Watu watasema nini?"

"Waseme," Kuruthumu akajibu, na vigelegele vikaanza.